Damu ya Fundi Mkuu

Mume wangu Teizo alipougua, kitu cha kwanza kilichomkasirisha hakikuwa maumivu. Ilikuwa kalenda. Februari ndio mwezi wetu. Huku Iwate, kaskazini mwa Japani, theluji ikishafika usawa wa madirisha, kila kiwanda cha sake, pombe yetu ya mchele, kinakuwa na tangi moja linalotunzwa kuliko mtoto mchanga, tangi la mashindano ya masika. Mchele wake unakobolewa mpaka unabaki kiini, uji wake unachacha polepole kwenye baridi kwa mwezi mzima, na kazi yote hiyo inaning'inia kwenye uamuzi mmoja tu: siku ya kukamua. Ukiwahi, sake inatoka tamutamu, haina nguvu. Ukichelewa, inakuwa kali na chungu, na hapo hakuna dawa.

Uamuzi huo ni wa fundi mkuu, na fundi mkuu wetu ni Oikawa Teizo, mtu mwenye kichwa kigumu ambaye nilikubali anioe nikiwa na akili zangu zote.

Binti yetu Madoka ni msaidizi wake. Amesomea uchachushaji chuo kikuu, kisha amefanya kazi chini ya baba yake mpaka ngozi ya vidole imepauka kwa maji baridi, na pua yake, nasema bila kumpendelea, ni kali. Lakini kwa tangi la mashindano baba yake hajawahi kumwachia hata kifuniko. Babu yake Teizo hakuruhusu mwanamke kuvuka mlango wa kiwanda. Mimi mwenyewe nilipoletwa pale bibi harusi, nilikuwa naishia kizingitini na sinia la chai, nasikia wanaume wanacheka ndani. Teizo aliuvunja mwiko huo Madoka alipomaliza masomo, na kwa hilo nampa heshima yake. Ila mlango alimfungulia, uamuzi hakumpa.

Jumamosi ile Teizo alirudi kula chakula cha mchana huku anatetemeka. Nikadhani ni baridi tu, maana hao watu wanatoka kwenye chumba cha ukungu, tunamooteshea kuvu la kuchachusha mchele, chenye joto la kiangazi na kuingia kwenye theluji wamevaa fulana. Nikamwekea supu. Akaitazama supu, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya kazini, "Nani kaacha hiki kifuniko wazi?"

"Kifuniko gani, Baba Madoka?"

Akanyoosha mkono akanishika kichwani, akajaribu kunizungusha shingo ili nifungike vizuri. Leo nacheka. Siku ile nilipomgusa mkono na kukuta unachoma kama kikaango, roho iliniruka, nikapiga simu ya ambulensi kabla sijavua aproni.

Pale hospitalini alitupokea Daktari Kumagai, mwanamke kijana mwenye viatu vya mpira vya rangi ya chungwa na ulimi usiozungukazunguka.

"Mama, kuna jiwe limeziba njia ya nyongo," alisema. "Nyuma ya jiwe pameoza, na uozo umeshaingia kwenye damu. Mwili wake unapigana na vijidudu kwa hasira mpaka unajipiga wenyewe. Ndiyo sepsisi hiyo. Shinikizo la damu limeshuka, na maneno yake mwenyewe umeyasikia."

"Amenifanya kifuniko. Ni mbaya kiasi gani, Daktari?"

"Hilo ndilo tunaloiuliza damu." Akanionyesha namba kwenye kioo cha kompyuta yake ndogo. "Kuna kipimo kinaitwa presepsini. Askari wa damu wakishawameza vijidudu, wanadondosha vipande vidogo vya protini, na mashine inavihesabu. Mtu mzima mwenye afya hapati mia tatu. Mumeo ana elfu moja na mia nane."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Wakampitisha mrija mdomoni hadi kwenye nyongo, wakafungua njia, wakaacha kimrija ndani, uchafu ukatoka. Wakamtundikia dawa. Mimi nilikaa kwenye benchi nikimwahidi kila mungu ninayemfahamu vitu ambavyo hata sina.

Na dawa zikafanya kazi! Jumatatu alikuwa anajua kwamba mimi si kifuniko. Kufika chakula cha asubuhi alikuwa ameshamfokea mhudumu, kwa sababu kwenye sinia palikuwa na natto, yale maharage ya soya yaliyovunda. Watu wa sake hatuyagusi msimu mzima. Vijidudu vyake vikikufuata hadi kwenye chumba cha ukungu, mchele wote umekwisha.

"Litoe hilo humu ndani!" alipiga kelele, na mrija wa dripu ukicheza. "Litoe mbali, na unawe!"

"Mzee Oikawa, ni chakula tu," alisema nesi Shiho, binti mpole mwenye mashavu mekundu.

"Kwako chakula. Kwangu nyoka."

Nilimwomba Shiho radhi kwa kuinama mpaka mgongo ukalia, kisha nikatoka nje nikacheka peke yangu, maana mtu anayegombana na maharage hafi leo.

Daktari Kumagai na Teizo walipatana upesi kuliko nilivyotegemea. Jumatatu ile daktari alimwambia namba imeshuka mpaka elfu moja na mia moja. Teizo akaanza kusimama kitandani.

"Namba moja haina maana," alisema. "Nipe ya jana na ya juzi. Namba za tangi hazisomwi moja moja, unaangalia zinaelekea wapi na zinakwenda kwa mwendo gani."

"Mzee, hayo ndiyo ninayowafundisha wanafunzi wangu kila siku, hawasikii."

"Niletee, niwafokee."

Daktari akamchorea mstari kwenye kioo, akaonyesha na vipimo vingine vinavyotembea pamoja nao: asidi ya damu, chembe nyeupe, protini ya uvimbe. Teizo akaukodolea macho mstari ule unaoteremka kama vile ni wa tangi lake. Jumanne ukashuka tena, mia sita na arobaini. Daktari akasema kesho ukiendelea hivyo, Alhamisi ataruhusiwa kwenda nyumbani.

"Alhamisi," alisema Teizo. "Basi Ijumaa tunakamua."

Hapo ndipo ugomvi wa simu ulipopamba moto. Madoka alikuwa akipiga kila akishapima tangi, na mimi nikishika simu karibu na sikio la mgonjwa, nikisikia yote.

"Baba, mapovu yametulia. Harufu ya tunda la pea imekaa sawa. Mimi naona ni kesho."

"Kesho nini? Ijumaa."

"Ijumaa utakuwa umeshapita wakati wake."

"Wakati wake naujua mimi. Weka barafu pembeni ya tangi, literemke joto, lisubiri."

"Linasubiri nini, Baba?"

Akaniambia nikate simu. Mimi nililijua jibu na nikamtolea uvivu palepale.

"Hilo tangi halisubiri Ijumaa. Linakusubiri wewe."

"Wewe unajua nini kuhusu matangi?"

"Nakujua wewe. Inatosha."

Akageukia ukutani. Nikammenyea chungwa, akalila bila kugeuka. Nilimwonea huruma, na nilitamani pia kumpiga na ganda. Kazi ya mwezi mzima ya watu wote wale, na mchele ule, vilikuwa vinangoja mtu mmoja avae suruali atoke hospitalini.

Jumatano asubuhi nilifika na soksi zake safi. Nilimkuta ameketi, amechana nywele, anakula uji wa mchele na kuusema vibaya, kwamba mpishi wao ameuosha mchele kama anafua jinzi. Alikuwa na rangi usoni. Nikaanza kukunja nguo za kwenda nazo nyumbani.

Akaingia Daktari Kumagai. Kwa siku zote zile alikuwa anaingia huku anaongea. Mara hii aliingia kimya, akamshika Teizo mkono, akahesabu mapigo, akamwangalia macho, akambonyeza tumbo.

"Panauma?"

"Uji ndio unauma."

Hakucheka. "Mzee, presepsini ya asubuhi hii imepanda. Elfu mbili na mia tatu. Imezidi hata ya siku ile uliyoingia."

Soksi zilinidondoka. Teizo akauliza kwa sauti ndogo, "Mstari umegeuka?"

"Umegeuka. Huenda mrija wa nyongo umeziba, huenda kuna usaha mahali pengine, huenda dawa imeshindwa. Vipimo vingine vya leo bado vipo maabara kuu, vitachelewa kidogo. Nataka damu nyingine sasa hivi, halafu tukupige picha ya tumbo. Alhamisi tuisahau kwanza."

"Lakini anaonekana mzima!" nilisema.

"Ndiyo, Mama, na hilo linanisumbua. Lakini wazee wanaweza kuonekana wazima saa moja na saa inayofuata wakaanguka. Siwezi kuidharau namba kwa sababu naipenda sura ya mgonjwa."

Akatoka kwenda kupanga mambo ya picha. Niliogopa, na sioni haya kulisema. Niliogopa kuliko ile Jumamosi, kwa sababu Jumamosi sikuwa na muda wa kufikiri. Teizo alikuwa anaitazama mikono yake juu ya shuka. Mtu wa namba ni mtu wa namba, huwezi kumdanganya na maneno ya faraja. Mstari uliogeuka kwenye tangi maana yake kuna kitu kimeharibika ndani, na amewahi kumwaga matangi kwa sababu hiyo.

"Nipe simu," akasema.

Madoka alipokea kabla haijalia vizuri. "Baba? Vipi namba ya leo?"

"Achana na yangu. Niambie ya kwako. Unanusa nini?"

Madoka hajawahi kuulizwa hivyo. "Pea. Utamu umerudi nyuma ya ulimi, mbele ni safi. Chini kabisa kuna uchungu, mdogo sana, jana haukuwepo."

"Ungekuwa peke yako duniani, ungefanya nini?"

"Ningekamua leo. Sasa hivi."

Teizo akafumba macho.

"Basi kamua," akasema. "Tangi ni lako. Usiningoje, unasikia? Usiningoje kabisa."

"Baba, kwani kuna nini huko?"

"Nimesema kamua, wewe! Unataka nikuandikie barua?" Akanirudishia simu, akavuta shuka mpaka kidevuni. Nilitoka kwenye korido nikalia machozi yangu karibu na mashine ya kuuza vinywaji, nikajipangusa, nikapiga moyo konde, nikarudi.

Nesi Shiho alikuwa ameshafika na sinia la vichupa. Alikuwa amejiinamia mwenyewe, maana alikuwa anampenda yule mzee pamoja na kelele zake. Akatafuta mshipa, akatoa damu, akakichukua kichupa chenye kifuniko cha zambarau na kukipindua taratibu juu chini, juu chini.

Teizo alimtazama huku anauma meno. Mwishowe uvumilivu ukamshinda, hata alipodhani anakufa.

"Binti, unakibembeleza kilale? Kitikise basi! Ndiyo maana asubuhi ilibidi nikusaidie."

Shiho akasimama na kichupa mkononi. "Ulinisaidia nini, Mzee?"

"Ulipoitwa chumba cha jirani ukaacha sinia hapa mezani. Nikaona damu inaanza kutuama, nyekundu inakwenda chini. Sampuli iliyotuama inadanganya, hata mwanagenzi wa siku ya kwanza anajua. Nikakichukua kile cha zambarau nikakitikisa kisawasawa. Hivi vingine sikuwahi, nikasikia viatu vyako."

"Ulikitikisa... vipi?"

Teizo akachukua chupa ya plastiki ya chai iliyokuwa kando ya mto, akakunja kiwiko, na kwa mkono uliofanya kazi hiyo tangu ujanani akaipiga chupa ile hewani mpaka kitanda kikalia na chai ikawa povu tupu. Ndivyo wanavyofanya kiwandani na sampuli ya uji, kuifukuza gesi kabla ya kupima. Nimeiona ishara ile mezani, bafuni, hata usingizini.

Shiho akaweka kichupa chini kama yai, akatoka mbio. Akarudi na Daktari Kumagai, ambaye aliomba aonyeshwe tena. Teizo akaonyesha, tena kwa fahari. Daktari akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akajifunika uso kwa mikono, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia.

"Mzee Oikawa," akasema alipopata pumzi, "damu si sake. Ile gesi unayoifukuza wewe humu haimo. Humu wamo askari, na bado wako hai. Ukiwatikisa namna hiyo wanadhani vita vimeanza, wanadondosha vile vipande vyao ovyo, na mashine masikini inavihesabu vyote."

"Kwa hiyo elfu mbili na mia tatu..."

"Ni mkono wako."

Teizo akauangalia mkono wake wa kulia kama mbwa wa jirani aliyejiingiza jikoni kwake.

"Bado sijasema umepona," daktari akaongeza, akijikaza. "Tunapima hii iliyotoka sasa. Na wewe, mikono chini ya shuka!"

Mashine haikukawia. Mia nne na kumi. Vipimo vya maabara kuu navyo vikaja, vyote vimeshuka, hata kimoja hakikusumbua. Daktari alimpiga picha ya tumbo vilevile, kwa kujiridhisha, na mrija ulikuwa unapitisha vizuri. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo, na Shiho alicheka na kulia kwa pamoja.

Aliyekuwa hacheki alikuwa Teizo. Alikuwa ametoa macho.

"Simu! Mama Madoka, simu, haraka!"

"Ya nini?"

"Mwambie asiguse! Mwambie nimelirudisha neno langu, sifi!"

Nikampa, akapiga. Ikalia mpaka ikakata. Akapiga tena. Mtu anayekamua hapokei simu, anajua hilo kuliko mimi, maana mikono yote imo kwenye mifuko ya kitambaa ya kukamulia uji.

"Piga ofisini! Mtume mtu akimbie!"

Nikamnyang'anya simu, nikaitia mfukoni mwa koti langu.

"Ulimwambia ukiwa na akili zako timamu. Mimi shahidi."

"Nilidhani nakufa!"

"Basi endelea kudhani mpaka jioni."

Akanitukana tusi moja la kiwandani ambalo sitalirudia hapa. Shiho aliinama kutafuta kitu chini ya kitanda ambacho hakikuwepo.

Madoka alifika kabla ya giza, na buti zimejaa theluji na nywele zinanukia mchele. Nilikuwa nimeshamweleza kila kitu njiani kwa simu, kwa hiyo alimwangalia baba yake kwanza, juu mpaka chini, kuhakikisha. Kisha akatoa kwenye kifua cha koti kichupa kidogo, sake mbichi, bado nyeupe kidogo kama maji ya mchele. Daktari Kumagai alikuwa amesimama mlangoni.

"Kunusa tu," alionya. "Tone moja likiingia mdomoni, nakurudisha kwenye natto."

Madoka akamimina kidogo, Teizo akashika gilasi kwa mikono miwili. Sijawahi kumsikia akiisifu sake mbele ya wafanyakazi. Kazi ya fundi mkuu kwetu ni kutafuta kasoro, na asipoiona leo anaitafuta kesho. Madoka aliijua hiyo, alisimama wima kama mtu anayesubiri hukumu, na kucha zake zimezama kwenye viganja.

Teizo akanusa. Akaishusha. Akanusa tena, polepole, macho yamefumba.

"Ulianza saa ngapi?"

"Ulipokata simu tu."

"Hukusita?"

"Nilisita. Nililia kwanza, nilijua unakufa. Halafu nikanawa mikono."

Teizo akanipa mimi gilasi, maana mimi sikuwa na dawa yoyote mwilini. Nikanywa. Mimi si mtaalamu. Ilipita kooni safi, baridi, na pea ikabaki nyuma muda mrefu, na mle ndani hapakuwa na ule uchungu. Nikamshika binti yangu sikio kama alipokuwa mdogo.

Teizo alikuwa ameangalia dirisha.

"Ijumaa ingekuwa imeshaharibika," akasema.

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja hali ya hewa. Madoka alikaa ghafla kwenye kiti cha wageni, kofia yake ikiwa bado kichwani.

Daktari Kumagai akafungua kioo chake. "Haya, Mzee, habari njema. Kwa mstari huu naweza kukuachia kesho asubuhi, kama tulivyosema. Najua umekuwa ukinisumbua kwa hilo tangu Jumatatu."

Teizo alijiweka vizuri kwenye mto, akavuta shuka, akaingiza mikono yote miwili ndani.

"Kama mnataka kuangalia namba siku moja zaidi, angalieni," alisema. "Mimi sina haraka. Kiwandani yupo fundi."